Makosa ya Binti wa Ziwa

Severina alifunga mdomo siku mvua ya kwanza ilipopiga bati la wodi, na mimi nikatamani kuuvuta huo mguu wake uliovunjika mpaka aseme.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjaniita mwanamke mbaya. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Nilikuwa nalala chini, kwenye mkeka, ubavuni mwa kitanda cha mwanangu Mwanakhamisi, katika hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Iringa. Mtoto wa miaka kumi, moyo umevimba. Ugonjwa ulianza kwa homa na magoti kuuma, tukamkanda, tukamsomea, mume wangu Othmani akafunga duka lake la nguo akahangaika naye huku na huku, hadi miguu ikajaa maji. Daktari akasema asitembee, asihangaike, anywe maziwa na dawa, yaliyobaki tumwachie Mungu. Daktari akikwambia umwachie Mungu, ujue yeye ya kwake yamekwisha.

Severina alikuwa kitanda cha pili. Mhehe wa Kalenga, mtu mzima, mwenye watoto wakubwa. Alianguka kutoka juu ya lori la mbao lililokuwa likitoka Mafinga, paja likavunjika, wakamning'iniza mguu kwa kamba na mifuko ya mchanga. Kwenda hawezi, kugeuka hawezi. Kilichobaki kufanya kazi ni mdomo. Na mdomo ule, jamani, ulikuwa mdomo!

Kiangazi chote alitusimulia hadithi moja tu. Kila jioni tukimaliza uji, anamwamkia mwanangu kwa Kihehe, "Kamwene, binti," kisha anaanza alipoishia jana. Ilikuwa hadithi ya Binti wa Ziwa, msichana aliyezaliwa ndani ya ziwa lililo juu ya mlima, huko Mbeya. Mtemi mwenye midomo miwili akamwibia kivuli chake, akakimbia nacho mpaka Iringa akakificha chini ya jiwe. Binti akatoka kwenda kukitafuta, kwa miguu, pamoja na Bibi Moto, kikongwe aliyebeba moto ndani ya kibuyu. Basi mnatembea nao. Mnapita Usangu, matope mpaka magotini, mbu, ng'ombe za watu. Mnalala njaa. Binti anatumbuka malengelenge na Severina anakuonyesha lengelenge liko wapi. Wodi nzima ilikuwa kimya, hata yule mama wa mwisho aliyekuwa akikohoa alikuwa anakoholea ndani ya shuka ili asituharibie.

Na mwanangu alikuwa anakunywa maziwa. Alikuwa anasema, "Mama, niendelee kuwa mzima nione kama atakipata kivuli chake." Alisema hivyo mwenyewe, sikumfundisha mimi.

Ndipo ikanyesha ile mvua. Jioni ile Mwanakhamisi akangoja. Severina akatazama dirishani, akasema, "Hadithi imefungwa, binti. Mpaka tuvune."

Nikasema, "Imefungwa na nani?"

"Kwetu mvua ikianguka watu wanashika jembe. Hadithi ni ya baada ya mavuno. Ukisimulia wakati wa jembe, shamba linasikia, linalala. Mahindi hayaamki."

"Jembe! Dada, wewe mguu wako uko darini, jembe utalishika na nini?"

Hakucheka. Akaniambia kwamba shangazi yake aliwahi kuvunja mwiko huo akiwa msichana, na mwaka ule walikula mizizi, wakazika wadogo zake wawili. "Wanangu wanapanda sasa hivi, Mama Mwanakhamisi. Leo. Niwaue kwa mdomo wangu?"

Mimi nimezaliwa Iringa lakini baba yangu ni mtu wa Kilwa, mambo ya shamba kusikia hadithi sikuyanyonya kwa mama yangu. Nilimwona mshenzi, na nilimwambia. Yeye akageuzia uso ukutani.

Shida ni kwamba mwanangu naye akageukia ukuta wa kwake. Maziwa hataki. Dawa anaiacha ikae mdomoni mpaka Sista Matilda, yule muuguzi, aondoke, kisha anaitema kwenye kanga yangu. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikalia mbele yake bila haya. Othmani alipokuja na machungwa hakuyagusa. Sista akaniita pembeni akasema, "Mama, mtoto huyu akiendelea hivi hatufiki naye mbali." Kama vile mimi sikuwa naliona hilo kwa macho yangu mawili.

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda cha Severina. Mimi, Mwantumu, ambaye hata mama mkwe hakuwahi kunipigisha magoti. Nikamwambia, "Dada yangu, nakuomba. Mtoto anakufa." Machozi yalimtoka mpaka yakamwingia masikioni, maana alikuwa amelala chali na hakuweza kujifuta. Nikamfuta mimi. Lakini kusimulia hakusimulia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jioni ile nikakaa kitandani nikaanza mwenyewe.

Hadithi ninazozijua mimi ni za pwani. Nilimchukua Binti wa Ziwa pale alipoachwa, kwenye tope la Usangu, nikamvisha hariri. Nikampa jini mwenye mabawa. Nikaleta jeshi la majini mia saba likapigana na watu wa mtemi, panga zikalia, vichwa vikaruka, nikasimama kabisa katikati ya wodi nikirusha mikono, na wagonjwa wakapiga makofi. Asubuhi binti akatoka Usangu, jioni akaingia Mafinga. Nikakaa chini jasho linanitoka, nikamtazama mwanangu.

Alikuwa amegeuka. Ananitazama kwa hasira.

"Mama, amepanda lori?"

"Nani?"

"Binti wa Ziwa. Usangu mpaka Mafinga siku moja. Kiangazi chote alikuwa anatembea hata Usangu hajaimaliza, leo amefika Mafinga kabla ya giza. Na malengelenge yake yako wapi?"

Nikasema, "Yamepona."

"Yamepona na nini?"

Lo! Nilimfokea. Nilimwambia mtoto hana adabu, mtu unamsimulia hadithi anakuuliza habari za malengelenge. Naye akajiinua kwa viwiko, yeye ambaye siku zote hizo hakuinua hata kichwa, akanipangia makosa yangu. Kwamba tangu nimeanza, watu hawali. Kwamba Bibi Moto kwa Severina alikuwa mjanja, anamnusa mwongo kabla hajafungua mdomo, lakini kwangu mimi anadanganywa na kila mpita njia. Kwamba kila binti akipata taabu jini anashuka, "sasa mama, mtu ataogopa nini?" Na hariri ndani ya matope, nani anafua?

"Hakuna hata kimoja kizuri?" nikauliza.

Akafikiri kwa haki, mwanangu, alikuwa mtoto wa haki. "Vita vizuri. Vita vyako vinamshinda Mama Severina, yeye vita anavipita haraka. Na sauti ya mtemi, ile ya midomo miwili, unaiweza. Lakini hadithi mama umeiharibu."

Kisha akasema koo limemkauka, akanyoosha mkono, akanywa maziwa. Yote. Akanirudishia kikombe huku bado anaeleza jinsi nilivyomharibu Bibi Moto.

Nikabaki nimeshika kile kikombe. Hapo ndipo nilipoelewa dawa ya mwanangu ilikuwa nini.

Tangu siku hiyo nikawa naharibu makusudi. Enhe! Mchana kutwa, nikifua nguo zake kule nyuma ya wodi, nafikiria kosa la jioni. Nikamfanya Bibi Moto ausahau moto wake njiani. Nikamwozesha Binti wa Ziwa kwa mtu ambaye hakuwahi kutajwa popote. Nikamuua ndugu yake siku ya Jumatatu na Jumatano nikampa chakula. "Mama, huyo si alikufa?" Wodi nzima inacheka, na mwanangu macho yanawaka, anapiga shuka kwa kiganja, ananikosoa na kumeza, ananikosoa na kumeza. Sista Matilda alisimama mlangoni akatikisa kichwa. Miguu ikapungua kidogo. Othmani alipokuja, mtoto akamshitakia: "Baba, mama hajui hadithi hata kidogo." Othmani akanitazama kwa huruma, masikini, akidhani nimetukanwa. Mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikatoka nje nikalie vizuri.

Severina alikuwa anasikia yote. Hakufungua mdomo. Lakini nilipokosea sana nilimsikia akiguna, "Mmh!" na mara moja, nilipompitisha binti juu ya mto Ruaha kwa kutandika kanga majini, kamba za mguu wake zilitetemeka. Sikujua kama anacheka au anateseka.

Ningependa kuwaambia iliendelea hivyo mpaka mavuno. Haikuendelea.

Katikati ya masika homa ikarudi, na magoti, na maji yakapanda kutoka miguuni mpaka tumboni. Wakamwegemeza kwenye mito kwa sababu akilala pumzi haiji. Nikasimulia hivyo hivyo. Masahihisho yake yakawa mafupi. Zamani alinipa hotuba, sasa ananiambia, "Hapana, mama. Mto huo walikwisha kuuvuka." Baadaye ikawa "hapana" tupu. Baadaye ikawa anainua kidole tu, kidole kimoja juu ya shuka, na mimi nasema, "Nimekosea wapi, eh? Niambie, nimekosea wapi?" naye anafumba macho, amechoka. Lakini kidole kiliinuka. Niliishi kwa kidole kile. Nilimwambia Mungu, chukua duka, chukua nyumba, niachie kidole hiki.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha sana, ikabidi nimsogelee sikioni ili anisikie. Nikaamua kutoa kosa kubwa kuliko yote. Nikaharibu kila kitu. Nikasema Binti wa Ziwa aliamka asubuhi kule Mbeya, juu ya mlima, hajala, hajaaga mtu, akatembea, na kabla uji wa mchana haujaiva alikuwa amefika Iringa. Mtemi akamwambia karibu, kivuli chako hiki hapa, samahani sana. Bibi Moto akaangua kilio kwa sababu ya baridi, na moto anao mkononi. Jini akashuka akawapa wote hariri. Basi.

Nikangoja. Nilitazama mkono wake juu ya shuka. Nikasema, "Eh, Mwana? Mbeya mpaka Iringa kabla ya uji wa mchana. Kwa miguu. Unasemaje?"

Akafumbua macho. Akanitazama kwa upole mno, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyejitahidi.

"Nzuri, mama," akasema.

Nikasema, "Nzuri nini? Si nzuri! Malengelenge yako wapi? Muulize Bibi Moto, moto anao, baridi ya nini? Nikosoe, mwanangu! Hebu nikosoe!" Nilikuwa nimemshika mabega. Sista Matilda akaja mbio, nikamsukuma. "Sema nimeiharibu! Sema sijui hadithi!"

"Ni nzuri," akasema tena, polepole, ili nisiumie. Mkono haukuinuka.

Nikaanguka pale pale nikaweka paji la uso wangu kwenye miguu yake iliyovimba. Bati tu linapiga kelele.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Uongo."

Alikuwa Severina. Ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, amejivuta mpaka mifuko ya mchanga imepanda juu, shingo imemsimama kwa maumivu. Kalenga mahindi yalikuwa yamefika magotini. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Kamwene, binti," akasema. "Usimsikilize mama yako, ni mwongo mkubwa. Hakufika. Bado yuko Usangu, kwenye tope, pale pale nilipomwacha mimi. Mguu wa kulia una lengelenge, hapa, chini ya kidole gumba. Bibi Moto amekaa kwenye kichuguu anapuliza kibuyu, moto umekuwa mdogo, na tumbo linawauma kwa njaa. Sasa sikiliza..."

Akalala chali tena, akasimulia huku machozi yanamwingia masikioni, na safari hii hakuna aliyemfuta. Watu waliniambia baadaye kwamba hajawahi kusimulia vizuri vile. Mimi sijui. Nilikuwa nimeitamani hadithi ile tangu mvua ya kwanza, na sikusikia hata neno lake moja zaidi. Nilikuwa nimeweka sikio langu kwenye kifua cha mwanangu, nasikiliza.