Ringi Tisini na Sita

Yupo mwenye miguu kumi na miwili, wala hajapiga hatua tangu azaliwe. Msijisumbue, jibu nawapa mwenyewe: ni lile jengo la wodi ya wazazi lililokuwa likiinuka nyuma ya zahanati. Chini nguzo kumi na mbili, juu mbao zimepangwa na nondo zimetandazwa, zikingoja zege la slabu, ile sakafu ya ghorofa. Na zege hilo lilikuwa limwagwe kesho yake asubuhi.

Mwenye dhamana ya miguu ile alikuwa mhandisi mmoja, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kuhesabu kila kitu. Akipanda ngazi anahesabu, akichambua maharage anahesabu. Kuhesabu huko ndiko kulikomtia mashakani Ijumaa ile.

Aliingia stoo kutafuta tepu ya kupimia, akaona turubai limefunika kitu pembeni. Akalifunua. Zilikuwa ringi, zile pete za chuma za mraba zinazofunga nondo ndani ya nguzo kama mshipi kiunoni. Akahesabu, akapata tisini na sita. Akahesabu tena, safari hii akiomba moyoni apate idadi nyingine. Tisini na sita.

Chakula kikibaki jikoni, watu hufurahi kwamba kesho kipo. Ringi si chakula. Hizi alizipigia hesabu mwenyewe: kila nguzo ishirini, nguzo kumi na mbili, jumla mia mbili na arobaini, wala moja ya ziada. Zikibaki tisini na sita, basi kila nguzo imenyimwa nane. Na nguzo iliyonyimwa ringi ikibebeshwa mzigo, nondo zake hutawanyika kama kuni zilizofungwa kwa kamba legevu.

Akatoka kumtafuta fundi nondo. Alimkuta kivulini, anakunja waya.

"Fundi, zile ringi za stoo ni za nini?"

"Za akiba, mama."

"Akiba mimi sikuagiza."

Fundi akaitazama koleo yake, akaigeuza upande huu na upande ule, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Siku zile ulipokuwa hospitali na mama, gari la zege lilifika mapema," alisema mwishowe. "Kila nguzo tulikuwa tumefunga kumi na mbili tu. Msimamizi akasema tuziachanishe, tumwage, zege lisije likagandia garini."

"Na karatasi ya ukaguzi?"

"Ilikuwa imeshasainiwa, mama. Tungesema nini?"

Ilikuwa imeshasainiwa kweli, na aliyeisaini ni yeye. Mama yake alipopelekwa kupasuliwa jicho, aliomba ruhusa siku tatu, na ili kazi isisimame akamwachia msimamizi karatasi yenye sahihi na muhuri, tarehe tu haijajazwa. "Ukimaliza kufunga nondo jaza mwenyewe, nakuamini," alimwambia. Miaka kumi na sita ya kazi, hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Lakini msimamizi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na mtu humkagua vipi shemeji yake?

Hajapata hata pa kukaa, mkunga mkuu wa zahanati akaingia jengoni na kamba mkononi, mama mnene mcheshi, viatu amevikanyaga visigino.

"Mwanangu, usinifukuze. Nimekuja kupima vitanda vyangu. Mkishatoa ile mirunda ya kushikilia slabu, sisi tunahamia chini, huko juu malizieni taratibu."

"Mapema hivyo, mama?"

"Mapema? Kule kwangu wanalala wawili wawili kitanda kimoja, na kila mmoja ana tumbo lake. Ukigeuka unamzalisha mwenzio." Akacheka peke yake, akaegemea nguzo, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemsifia ng'ombe wake. "Hapa nitaweka wanaosubiri. Hizi nguzo zinanipa raha, mwanangu."

Mhandisi alitaka kumvuta mkono aondoke pale. Nguzo isingeanguka siku hiyo, alilijua hilo vizuri. Hata hivyo hakuiondolea macho mpaka mkunga alipokwenda zake.

Shemeji mtu alimkuta bado amesimama palepale.

"Shemeji, leo umenuna kama umepakuliwa ukoko."

"Ringi tisini na sita, shemeji."

"Umeanza. Siku moja utahesabu nywele zangu." Akavua kofia akajipapasa upara. "Bahati yako, utamaliza haraka."

Mhandisi hakucheka.

"Umeweka kumi na mbili badala ya ishirini."

"Kumi na mbili zinatosha. Nyumba ngapi nimejenga, ipi imemwangukia mtu?"

"Hizo hazikuwa na ghorofa iliyojaa wagonjwa. Kesho hatumwagi."

Msimamizi akarudisha kofia kichwani polepole. Alipozungumza tena, utani ulikuwa umekwisha.

"Karatasi iko ofisini. Sahihi ni ya nani pale? Muhuri wa nani? Watakuuliza ulikagua lini, utawaambia ulikuwa umeshika kichwa cha mama hospitalini? Mimi nikizama, shemeji, siendi peke yangu. Na dada yako ataishi vipi, hilo umelipigia hesabu?"

Akaenda zake akiwafokea wabeba mbao.

Haikupita robo saa simu ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, nasikia unataka kumchongea shemeji yako."

"Nimechelewa kukupigia, dada. Ni kwamba nguzo..."

"Mimi sijui nguzo wala zege. Najua nani alikubeba mgongoni mama alipokuwa kazini."

"Ni wewe, dada."

"Haya." Na simu ikakatwa.

Akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Akili ikaanza kumtafutia vichochoro. Labda aongeze zege kuzunguka nguzo, kimyakimya. Labda mzigo hautakuwa mkubwa hivyo. Labda apige hesabu upya, kumi na mbili zitoshe. Akachukua kalamu akapiga hesabu kwenye kiganja. Hazikutosha. Akakitemea mate, akafuta, akarudia. Hazikutosha.

Akampigia mhandisi mkuu, bosi wake kazini. Simu ilipoanza kuita, akaikata. Akapiga tena, akakata. Mara ya tatu mkuu ndiye aliyempigia.

"Unanibipu kama mchumba, kuna nini?"

Akamweleza yote, kuanzia karatasi. Alianza na karatasi kwa sababu alijua akianza na ringi, hatafika kwenye karatasi.

Mkuu alifika adhuhuri na mtu mwenye tindo na nyundo. Wakachagua nguzo moja, wakaibandua ngozi ya zege upande mmoja mpaka chuma kikatokeza. Sentimita ishirini na tano kati ya ringi na ringi. Mchoro ulisema kumi na tano. Msimamizi alikuwa amesimama mbali, mikono kiunoni, anatazama geti.

"Gari za zege za kesho zifutwe," mkuu alisema. "Mtu asipande juu." Kisha akamgeukia mhandisi. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Unajua nalazimika kuchukua muhuri wako mpaka kamati ikae. Na huenda usirudi."

"Najua."

Akafungua mkoba, akautoa, akampa. Mkuu akautia mfukoni bila kuutazama, akakuna shingo.

"Hizi nyingine kumi na moja nazo lazima tuzifungue, tuone ipi inazibika na ipi inavunjwa. Nina mtu mmoja tu wa kuandika. Utanishikia tepu au unakwenda nyumbani?"

Mhandisi akashika ncha ya tepu. Walipofika nguzo ya tatu simu ikatetemeka mfukoni mwake, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alijua ni nani, na alijua kwamba jioni atalazimika kwenda kubisha mlango wa dada yake, na huenda usifunguliwe. Akainama karibu na chuma, akakodoa macho asikosee, akasoma kwa sauti: "Sentimita ishirini na sita."