Matundu ya Wadi ya Akina Mama

Ukitaka kuchekwa Nyeri, waambie watu umekuja kuwawekea mashine ya baridi. Mwikali alichekwa tangu siku ya kwanza. Injinia mzima, mzaliwa wa Kitui kwenye jua kali, ametumwa kuipoza hospitali kubwa ya mji ambao watu huvaa sweta kanisani hata mwezi wa Februari. Mama mboga alimuuliza kama huko kwao kazi zimeisha.

Lakini kicheko hakikufika ghorofa ya juu. Huko vyumba vya upasuaji vilikuwa vimefungwa, kwa sababu mashine ya zamani iliyokuwa kwenye paa, kuukuu kuliko madaktari wengi, ilikuwa imechoka kabisa. Chumba cha upasuaji hakifunguliwi dirisha. Taa zake zinachoma, na daktari hawezi kudondosha jasho kwenye kidonda cha mtu. Basi wagonjwa wakawa wanapelekwa Nairobi.

Wote isipokuwa Kagure, mkulima wa kahawa wa Gakindu aliyekuwa pia na nyumba za kupangisha mtaani Skuta. Mwikali alikuwa mpangaji wake, na kama wapangaji wote alimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Bibi huyo aliteleza shambani akavunjika nyonga, na ambulensi aliikataa katakata.

"Nairobi nilienda na mzee yangu akiongea," alisema. "Nikarudi na yeye kwa sanduku. Mimi siendi."

Daktari Mathenge, mkuu wa upasuaji, alikuwa amesubiri kadiri alivyoweza. Asubuhi ya kuwasha mashine mpya alimwambia Mwikali wazi kwamba nyonga ya bibi huyo haingojei. Mashine mpya isipokaa sawa leo, kesho Cucu anabebwa, apende asipende.

Mwikali akaiwasha. Ikanguruma vizuri ajabu, halafu ikajizima. Akaiwasha tena, ikajizima tena. Kufikia saa ya chai maneno yalikuwa yameenea hospitali nzima kwamba msichana wa watu ameuziwa mashine feki. Maneno hayo yalimuuma, lakini kilichomtia hofu hasa ni kumfikiria Cucu akifungiwa ndani ya ambulensi, analia.

Aliweka mkono kwenye bomba la maji yanayorudi kutoka wadini, kwa kukosa la kufanya tu. Lilikuwa baridi sana. Akashtuka. Mashine ile, inayohudumia wadi na vyumba vya upasuaji pamoja, hupoza maji, maji yakashuka wadini, yakachukua joto la watu na kurudi yakiwa na uvuguvugu. Haya yalikuwa yamerudi vilevile yalivyokwenda. Kumbe huko chini hakuna aliyeyapokea, na mashine ilikuwa ikijizima isije ikagandisha mabomba yake. Ile ya zamani ilikuwa dhaifu mno hata haikulitambua jambo hilo.

Akashuka ngazi mbiombio hadi wadi ya akina mama, akapanda juu ya kiti, akafungua skrubu za wavu wa tundu linalopitisha hewa ya baridi. Likamwangukia blanketi. Nyuma yake kukafuata sweta mbili, magazeti ya miaka iliyopita na kofia ya sufu. Tundu la pili lilikuwa hivyohivyo. La tatu lilikuwa na gunia. Alikuwa ameyakagua yote akiwa amesimama chini, bila kufungua hata wavu mmoja, na sasa alijilaani kimoyomoyo.

Sista Wakiuru, aliyeisimamia wadi hiyo, hakuona haya hata kidogo.

"Hiyo ni kazi yetu, Injinia. Nesi mpya akikuja, namuonyesha dawa iko wapi, halafu namuonyesha vile tunafunga hizo mashimo. Julai ya hapa unaijua?"

Mwikali aliomba matundu yote yafunguliwe. Wakiuru akakataa, na hakuwa mjinga: wagonjwa wakitetemeka usiku, ni yeye angekesha nao, wala si injinia. Ndipo Mwikali akamvuta mpaka kwenye kisanduku kidogo kipya ukutani. Manesi walidhani ni saa iliyokwama. Akamwonyesha kitufe cha kupunguza baridi, na kwamba kila wadi ina chake, jambo ambalo mashine ya zamani haikulijua. Wakiuru alikitazama kwa mashaka, mikono kifuani.

Sauti ikatoka kitanda cha pembeni.

"Hiyo sweta ya kijivu ni yangu," alisema Cucu. "Niliambia wasichana waiongeze huko ndani. Wakiuru, fungua zote. Baridi ya Nyeri naijua, na haijaniua."

Wakiuru akacheka, akaita manesi wake. Kabla ya chakula cha mchana sakafu ilijaa manguo kama mtumba siku ya soko. Mwikali akapanda tena kwenye paa na kuiwasha mashine. Ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Saa nane Daktari Mathenge aliingia chumba cha upasuaji, akakaa humo kidogo, akatoka akiomba mgonjwa wa kwanza aletwe. Mwikali mwenyewe alisukuma kitanda cha Cucu hadi kwenye lifti.

Wiki iliyofuata Cucu Kagure alishika fremu ya chuma ya kutembelea, akasimama. Akapiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine, hadi dirishani. Akina mama wakampigia ngemi, vigelegele vya kwao, kutoka vitandani mwao. Mwikali alikuwa mlangoni, akilia bila kujificha.

"Sasa unalia nini na niko kwa miguu?" Cucu alimuuliza. "Kuja unishike, twende nyumbani."