Makala ya Ubwiri Unga

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika kwenye madaftari siku ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho, unapoingia shambani kwangu Mitole. Consolata, mtafiti wa chuo, aliyapiga picha madaftari yote akaahidi kutuambia dawa ya salfa ipulizwe lini. Sasa ni Juni, maua yanachungulia, na jirani zangu wananingoja mimi. Mwaka jana tulichelewa, tukavuna majani.

Nilikwenda kwa Ignatius, bwana shamba wetu, akaitafuta makala kwenye simu. Ilikuwepo, imetoka Machi. Chini ya kichwa chake: lipa dola thelathini na tisa usome.

"Nilipe? Madaftari si yangu?"

"Mzee Nurdin, kuna majarida yanayomtoza msomaji, na kuna ya wazi, kila mtu anasoma bure."

"Kwa nini hakupeleka huko kwa bure?"

"Huko mara nyingi hutozwa mwandishi. Hawa walitaka dola elfu mbili ndipo waifungue."

"Na aliyeandika analipwa nini?"

"Hakuna."

"Wanaomsahihishia?"

"Nao hawalipwi."

"Ignatius, mimi nimesoma masomo ya jioni, kwa chemli, baada ya jembe. Hesabu hiyo sikufundishwa."

"Hata waliosoma mchana inawashinda, mzee. Mpigie Consolata umwombe. Mwandishi anaruhusiwa kukupa nakala yake."

"Simpigii. Tangu Februari hajanipa hata shikamoo. Mdogo ndiye huanza."

"Na ubwiri unga nao unangoja shikamoo?"

Niliondoka bila kumuaga.

Siku ya tatu Kidawa, jirani yangu mjane, alikuja na shada la maua ya mkorosho wake. "Kaka, si ndio wenyewe huu?" Nikalisugua kwa vidole. Unga mtupu. Mkorosho ndio ada ya wanawe.

Nikapiga, nikajitaja.

"Shikamoo baba!" Consolata alidakia. "Nakutafuta tangu Machi, namba yako haipatikani!"

Nikakumbuka kwamba laini ya zamani niliitupa mwenyewe, kwa hasira za vifurushi.

"Marahaba," nikasema. "Nataka makala."

"Nakutumia sasa hivi. Ni nakala yangu, kabla jarida halijaipanga. Hiyo ninaruhusiwa kugawa, wape wote."

Dakika mbili ikaingia. Bure. Sasa ile bei wameiandika ya nini, kama kuomba kunatosha? Na asiyemjua Consolata amwombe nani?

Nilikaa na kamusi hadi adhuhuri. Madaftari yangu yalisema, kwa Kiingereza cha Consolata, kwamba salfa ianze shada linapochomoza, usingoje kuuona unga.

Nilimpigia Ignatius awaambie wenzetu waanze leo. Mashada yao mengi yalikuwa bado kijani, bila unga. Ya Kidawa yalikuwa yamechomoza siku zilezile nilizokuwa nasusa.

Kidawa sikumweleza mengi. Nilibeba mashine yangu ya kupulizia na salfa niliyojiwekea, nikaanza na mikorosho yake. Yangu ilingoja kesho.