Kona ya Ghala Namba Nne

Fundi saa aliweka taruma la mia mbili na kumi na moja, kijiti cha kulalia reli, kwa kibano, akasubiri gundi ishike, kisha akainamia tena nakala ya ramani aliyoipata chumba cha nyaraka cha bandari. Mfano mdogo wa reli ya gati la zamani, iliyong'olewa miaka mingi iliyopita, pamoja na maghala, injini na mabehewa yake, sasa ulikuwa umejaa meza nzima ya chakula. Mama yake, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa akila kwa kupakata sahani tangu mwezi wa tatu, na hakunung'unika, maana reli ile ilikuwa ya mumewe.

Mumewe alikuwa muunga mabehewa. Behewa lilimbana mbele ya ghala namba nne, saa nne na robo asubuhi, akafa na miaka thelathini na miwili. Ripoti ya bandari ilisema njia pale ilikuwa imenyooka, dereva na muungaji walionana vizuri, na chanzo cha kifo ni uzembe wa marehemu. Mama alitaka jambo moja tu kabla hajaondoka duniani: neno hilo lifutwe.

Ramani nayo ilionyesha njia iliyonyooka. Fundi akailaza hivyo hivyo. Kesho yake akaikuta imepinda.

Akadhani gundi ni mbovu, akainyoosha. Ikapinda tena. Siku ya tatu aliwahi kuamka, akawakuta wafanyakazi saba wa kimo cha kidole gumba wakiing'oa kwa mitaimbo isiyozidi sindano. Msemaji wao alikuwa kijana mwenye mwanya, kofia imemkaa upande.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Utusamehe kwa kelele. Aliyekuchorea hii hajawahi kukanyaga gatini."

Fundi alikuwa na miaka hamsini na minane. Alimtambua baba yake kwa ule mwanya, ambao hata yeye alikuwa nao. Alikuwa na mengi ya kusema, ila salamu ni salamu.

"Marahaba," akaitikia.

Alimleta mama na kiti chake. Mama alimtazama mumewe kwa kituo.

"Mwembamba vile vile," alisema. "Na kofia hajajua kuivaa mpaka leo."

Akamega mkate, akapanga makombo saba kando ya ghala. Kijana akasema, "Ahsante, bibi," akarudi kazini. Bibi huyo akacheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kilipokwisha, machozi yaliendelea.

Karani wa nyaraka alikuja Jumatano, baada ya kuombwa mara nne. Alivua viatu mlangoni, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na dirisha la injini. Kutoka pale dereva hakuona kitu ila ukuta wa ghala.

"Kwenye kona kama hii hutakiwa watu wawili wa bendera," alimwambia kijana. "Mlikuwa wangapi?"

"Mimi tu. Wa pili tuliomba mpaka tukachoka."

Karani akaipima kona kwa rula, mara mbili.

"Ni kona, hakuna ubishi," alisema. "Tatizo ripoti imesimamia ramani, na ramani ina muhuri. Halafu shahidi wenu, kwenye vitabu vyetu, ni marehemu."

"Si huyu hapa?" mama aliuliza.

"Namwona, mama. Fomu ndiyo haina mahali pa kumwandika."

Alimaliza chai, akaaga kwa heshima. Faili likarudi rafuni na neno lake lile lile.

Siku hizi fundi hutengenezea saa zake chumba hicho hicho chenye reli. Kila siku saa nne na robo asubuhi injini hurudi kinyumenyume kuelekea kona, na kijana huingia katikati ya mabehewa, bendera kwapani. Fundi huiweka chini saa ya mteja, hulaza kidole chake juu ya reli. Behewa hugonga ukucha, ambao sasa umekuwa mweusi, likasimama. Kijana hufunga mnyororo, hujipangusa mikono, husifu breki za dereva.

"Ametoka?" mama huuliza, amefumba macho.

"Ametoka, mama."

Hapo ndipo huyafumbua.