Bluu ya Bi Mistari

Bi Mistari aliamka na kisirani siku ile, na alikuwa na haki yake. Mtu umeitunza mashine miaka ishirini na mitatu, umeifuta vumbi kuliko unavyofuta meza ya nyumbani kwako, halafu anatokea Katibu wa klabu, bwana asiyejua bisibisi inashikwa upande gani, anabandika karatasi mlangoni: Jumamosi, baada ya kikao, projekta itashushwa na kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Hata hodi hakupiga kumweleza fundi. Fundi aliisoma mlangoni kama mpita njia.

Projekta yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye dari ya ukumbi wa wastaafu, nzito kiasi kwamba siku ya kuipandisha walihitajika wanaume sita na mmoja wao aliteguka bega. Ilikuwa ya zile za zamani zenye tyubu tatu za kioo: nyekundu, kijani na bluu. Kila tyubu hurusha picha ya rangi yake, na zote tatu hukutana ukutani. Zikikutana sawasawa unaona picha moja safi. Zikipishana hata kidogo, kila mchezaji uwanjani anakimbia na wenzake wawili mgongoni.

Kazi ya kuzikutanisha ndiyo iliyompa Bi Mistari jina. Alikuwa akirusha ukutani wavu wa mistari, anafumba jicho la kushoto, anakodoa la kulia, anazungusha vifundo taratibu mpaka mistari mitatu inakuwa mmoja, mweupe pe. Angeweza kushinda juu ya ngazi kwa ajili ya mstari wa pembeni ambao hakuna mwingine aliyeuona. Wanaume waliosema zamani kwamba mwanamke hatadumu kwenye kazi yenye umeme mkali namna ile walikuwa wameshastaafu, na sasa ndio hao waliogombea viti vya mbele siku za mpira.

Basi mwezi uliopita alisafisha lenzi, akapanga rangi upya, akaona nyeupe yake imetulia, akashuka. Watu walipokuja kutazama habari, minong'ono ikaanza. Msomaji wa habari alikuwa wa bluu, utadhani wamemtoa kwenye friji. Siku ya pili wakaonesha video ya harusi ya binti wa Mwenyekiti. Jamani! Bibi harusi kwa macho ya ukumbi mzima alikuwa amevaa sare ya shule, na mama yake akatoka nje analia.

Bi Mistari alifumba la kushoto kama kawaida yake, akakodoa la kulia, hakuona bluu yoyote. Alipanda, akapima umeme wa kila tyubu, vipimo vyote vikawa sawa. Akashuka akawaambia wana maneno mengi. Wao wakasema bluu, yeye akasema nyeupe, na mabishano yakapamba moto hadi akamuuliza Mwenyekiti, mzee aliyekula chumvi nyingi na asiyegusa kileo, kama amelewa.

Katibu naye hakulaza damu. Shemeji yake alikuwa na duka la televisheni bapa, na kila aliyekunywa chai na Katibu wiki ile aliambiwa kwamba mashine imechoka, vipuri vyake havitengenezwi tena popote, na leo ni bluu tu lakini kesho itakuwa moto. Hilo la vipuri lilikuwa kweli. Bi Mistari alikuwa na tyubu tatu za akiba chini ya kitanda chake, amezifunga kwa blanketi, na zikiisha hizo hakuna nyingine. Lakini kuziita tyubu nzima mbovu ilikuwa kumtukana usoni.

Ijumaa mchana alikwenda ukumbini peke yake kuikagua kwa mara ya mwisho. Alifunga mapazia, akawasha, akarusha mwanga mweupe mtupu ukutani, akapanda. Alipofungua mfuniko, vumbi likamwingia jicho la kulia. Alilifunika kwa ncha ya mtandio, akageuka kutazama ukutani kama mwanga bado upo.

Ukuta ulikuwa wa bluu.

Alifikiri ni machozi. Akafumba la kushoto, akafungua la kulia lenye kuwasha: nyeupe. Akabadilisha tena: bluu. La kulia, nyeupe. La kushoto, bluu. Alifanya hivyo mara nyingi juu ya ngazi ile, kisha akashika chuma cha dari kwa mikono miwili. Jicho lake la kazi, lile aliloliamini kuliko kipimo chochote, lilikuwa limeingia ukungu wa njano polepole, na kila bluu ilipofifia mbele yake yeye aliiongeza kwenye mashine.

Alimkuta mdogo wake, fundi cherehani, kwenye kibaraza chao amezungukwa na vitambaa. Huyu alikuwa amemwimbia mwaka mzima aende kwa daktari wa macho, tangu siku alipomtuma uzi mweupe, dada akarudi na wa njano hafifu na bado akabisha. Leo alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakusema si nilikwambia. Alishusha sauti na kumpa njia. Aende mapema kesho, apange rangi kwa jicho la kushoto, awaambie kuna kifaa kilikufa na amekibadilisha. Nani atapanda kuangalia?

Bi Mistari alitamani kukubali. Tusimpake rangi ya utakatifu, alitamani sana. Jina lake lote lilikuwa jicho lile. Lakini aliupindua mpango huo kichwani na kila alipoupindua alimwona Katibu anatabasamu.

"Nikisema kimekufa kifaa kimoja, atasema kesho kitakufa kingine," alimwambia mdogo wake. "Wataitupa mashine isiyo na kosa."

"Na wakijua huoni, dada, watakutupa wewe."

Bi Mistari alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akapangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Katibu alizungumza kwa ulaini, akamsifu fundi wetu mpendwa, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka watu wakapiga makofi, kisha akaomba wanaokubali projekta ishuke wanyooshe mikono. Bi Mistari alisimama kabla mkono wa kwanza haujafika juu.

"Mashine haina ugonjwa," alisema. "Bluu mnayoiona nimeiweka mimi. Jicho langu la kulia limeharibika na sikujua."

Nyuma mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Masikio yalimwaka moto, lakini hakukaa. Alimgeukia Mwenyekiti akamwomba radhi kwa lile neno la ulevi, mbele ya wote. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Katibu aliirukia nafasi. Alisema kama ni hivyo, basi kinachotakiwa kushushwa kutoka dari ile si mashine peke yake, bali na fundi pia.

Bi Mistari akamtolea uvivu. Alisema Jumatatu anakwenda hospitali kusafishwa jicho, na wakimfukuza leo, ngazi ile pale, bisibisi hii hapa, ndani mna umeme wa kumtupa mtu hadi mlangoni, achague mwenyewe wa kupanda. Alingoja. Hakuna aliyeisogelea ngazi. Basi akaiwasha mashine, akapanda yeye, akafunika jicho la kulia kwa mtandio mbele ya kadamnasi, akaanza kupunguza bluu.

"Kazi hii siku zote nimeifanya kwa jicho moja," alisema bila kugeuka. "Leo nimebadilisha jicho, basi."

Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka. Ukuta ulififia, ukatulia. Mwenyekiti aliutazama, akatazama kanzu yake mwenyewe, akautazama tena.

"Hiyo ni nyeupe," alisema.

Mikono ya kutaka projekta ishuke ilihesabiwa ikawa minne tu, mmoja wao wa Katibu. Walikubaliana mashine ibaki na fundi wake abaki nayo. Katibu, shingo upande, akaandika kwenye daftari la kumbukumbu na kutaka kulifunga. Bi Mistari alishuka, akalichukua, akasoma kwa jicho la kushoto: hitilafu ya projekta imerekebishwa. Akamrudishia.

"Futa. Andika mashine haikuwa na kosa, kosa lilikuwa jicho la fundi."

Katibu alimwambia, safari hii bila kejeli, kwamba daftari lile halitupwi, na kila atakayekuja baada yao atalisoma.

"Ndiyo, nataka walisome," alisema Bi Mistari, akamsimamia mpaka neno la mwisho, kisha akatia sahihi kwa herufi kubwa.