Kichupa cha Nanyama

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, mwaka wa 1974, Filister Nekoye, ambaye wenzake walimwita Mama Wekulo, alikuwa kwenye sinki la maabara akisugua vioo kwa brashi nyembamba. Alivisuuza mara tatu kama alivyofundishwa, na mara ya nne kwa sababu zake mwenyewe. Nyuma yake Abdelrahim, fundi wa maabara, mtu wa Kambi Muru, alikuwa na wembe mkononi akibandua majina kwenye vichupa vya damu. Palipotoka jina alibandika nambari.

"Abdelrahim, hao watu wamekukosea nini?"

"Si mimi, Mama Wekulo. Ni Daktari. Anasema ni heshima, mgonjwa asijulikane."

"Heshima ya kumnyang'anya mtu jina lake?"

"Muulize yeye. Mimi natumwa tu."

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya hospitali. Daktari Shivachi alitaka kujua kama huzuni ya akili inaacha alama kwenye damu, jinsi malaria inavyoacha. Filister, mjane, aliajiriwa kuosha vioo. Lakini watu wa mtaa wa Gatwekera walipoificha mikono yao ndani ya mashati, ni yeye aliyeitwa akae nao, awashike mkono, aseme nao kwa lugha ya kwao. "Tutarudi tuwaambie damu yenu imesema nini," aliwaambia, kwa kuwa Daktari ndivyo alivyomwambia aseme, naye akaamini. Aliwaambia hivyo watu mia mbili na kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa Nanyama, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye tangu azike mtoto wake aliweza kukaa mbele ya jiko lililozimika akikoroga sufuria mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata Abdelrahim alifungua friza.

"Mama Wekulo, kuja ushike hii."

Damu ilikuwa moto. Maji aliyokuwa ameyaweka pembeni yalikuwa barafu tupu, lakini vichupa vyote vilikuwa na joto la mwili wa mtu. Abdelrahim alipima, akaandika kitabuni: thelathini na saba. Fundi wa friza akaitwa kutoka Laini Saba. Alifungua, akafunga, akagonga ubavuni.

"Friza ni mzima," alisema. "Shida iko na hao walio ndani." Akanywa chai yake, akaenda.

Filister alikausha mikono. Kanisani kwao, siku ya Alhamisi, akina mama huwaombea wagonjwa, na hakuna mgonjwa anayeombewa bila jina lake na la baba yake. Anayesema "yule mama wa pale kona" hurudishwa kona akaulize. Kwa hiyo alichukua kichupa cha kwanza, akakiweka kiganjani, akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, Khamala wa Murunga. Umeamkaje?"

Kichupa kikaanza kuwa cheupe kutoka chini kwenda juu, kikashika barafu. Akachukua cha pili. Nambari hakuzitazama. Kila mmoja alikuwa amemshika mkono, na mkono aliowahi kuushika hakuusahau. Alipofika kwa Mzee Fadul, Abdelrahim alisogea. "Huyu niachie mimi, ni wa kwetu." Akamsalimu kwa salamu ya msikitini, akamuuliza habari za mbuzi wake. Mzee naye akaganda.

Ilipofika saa nne, saa ya chai, kilibaki kimoja. Filister alimsalimu Nanyama kwa jina la baba, kisha kwa lile la utotoni, la kumbembelezea. Kikabaki moto.

"Huyu hataki salamu," Abdelrahim alisema.

"Anataka jibu. Ndivyo alivyo hata nyumbani."

Daktari alisikiliza maelezo yote, akachukua biro, akaongeza mstari kwenye utaratibu wa kazi, kati ya kupima na kuhifadhi: *Kila asubuhi wasalimiwe kwa majina. Mama Wekulo.*

Kazi ikaendelea vizuri. Ila kila Jumapili, wakitoka kanisani, Nanyama aliuliza, "Dada, damu yangu imesema nini?" Na Filister akajibu, "Bado." Jumapili ya tisa alimwambia, "Kesho nitauliza." Jumatatu akampelekea Daktari chai, akasimama.

"Daktari, Nanyama anangoja."

"Mama, damu ya mtu mmoja haisemi kitu. Lazima ziwe nyingi, pamoja."

"Na zikiwa pamoja zinamwambia nani?"

Daktari alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Madaktari wenzangu. Ng'ambo."

"Wao ndio wagonjwa?"

Daktari alicheka, maana alimpenda sana. Halafu akaacha, maana mwenzake hakuwa akicheka.

Vichupa vilisafirishwa kwa ndege mwezi wa kumi, vyote ila cha Nanyama, pamoja na kaseti ya sauti ya Filister akiwasalimu watu mia mbili na kumi na watatu. Wa ng'ambo waliandika kwamba kaseti inafanya kazi vizuri, ila waliomba, ikirekodiwa nyingine, mama asikohoe katikati.

Jarida lenye matokeo lilikuja mwaka mpya. Daktari alileta mandazi, na Abdelrahim akasoma kwa sauti, akifasiri. Jina la Daktari lilikuwepo, na majina matatu ya wageni. Waliotolewa damu walikuwa nambari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba sampuli moja iliondolewa kwa kuwa haikufikia baridi inayotakiwa.

Hakuna aliyechukua andazi la pili. Daktari alivua miwani. "Nisamehe, Mama. Ndiyo sheria ya kazi." Akakifunga kichupa cha Nanyama kwa pamba, akampa kwa mikono miwili.

Filister alikipeleka Gatwekera ndani ya leso. Nanyama alikuwa mbele ya jiko.

"Imesema nini?"

"Hawakuisikiliza, mdogo wangu."

Nanyama alikipokea. "Iko moto," alisema.

"Haijapoa tangu siku ile."

Akakitia ndani ya sweta. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, Ndunge wa mlango wa pili alikuwa akikiazima amlaze nacho mtoto wake mwenye kifua. Nanyama alikwenda nacho mwenyewe, akakaa na mtoto mpaka alale, kisha akarudi nacho.

Mwezi wa nane gari la maabara lilirudi, kwa utafiti wa pili. Daktari aliwasalimu watu kwa majina, alikuwa ameshajifunza. Filister alitandika leso kwenye benchi na kuwashika mikono kama zamani, ila yale maneno alimwachia Daktari mwenyewe.

"Tutarudi tuwaambie," Daktari alisema, na aliamini.

Watu wakakunja mikono ya nguo. Nanyama alikuja mwisho. Alitoa mkono wa kushoto.

"Chukueni kwa huu," alisema. "Ule mwingine bado unangoja."

Abdelrahim alibandika nambari kwenye kichupa chake. Kisha, bila kuambiwa, akakitenga na vingine, kwenye pamba.