Dirisha la Naserian

Kila Jumapili kabla ya misa, Magdalena hupangusa benchi za kwaya kwa kanga kuukuu, maana vumbi la Elerai haliheshimu hata altare. Akimaliza hufungua dirisha la upande wa mlimani na kumsalimu mama yake aliyesimama nje.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Leo mnaimba ule wa Bikira Maria?"

Mama yake, Naserian, alifariki mwaka juzi, msimu wa kuvuna maharage.

Alikuwa mke wa pili wa mzee Lomayani. Enzi zile kanisa likiwa la miti na udongo, Lomayani alitaka ubatizo, akaambiwa abaki na mke mmoja. Akatamka mbele ya watu kwamba amemwacha Naserian. Jioni alikuwa nyumbani kwa Naserian, anakula loshoro. Yeye akapewa benchi ya mbele, Naserian akabaki nje. Alisikiliza misa dirishani miaka yote, hadi kiwiko chake kikachimba ubao.

Mwaka jana, kanisa lilipobomolewa lijengwe la tofali, kuta zilianguka, dirisha likabaki hewani, kimo kile kile. Mafundi walilivuta asubuhi nzima. Saruji ilikuwa imeshachanganywa, wakajenga ukuta kulizunguka. Jumapili ya kwanza Naserian alikuwapo. Waumini wakamwamkia, wakaingia.

Tangu utotoni Magdalena alitamani kitu kimoja: kusali misa bega kwa bega na mama yake. Alimfungulia mlango mkubwa.

"Aliyeniacha nje bado yu hai," Naserian alisema. "Aniite yeye."

Magdalena akamwendea baba yake.

"Nilishasema nimemwacha," alijibu mzee. "Unataka nionekane mwongo uzeeni?"

Siku ya jubilei, katekista Melkizedeki alisoma historia ya kanisa. Mzee Lomayani alitajwa miongoni mwa waasisi, akapigiwa makofi. Halafu ikasomwa kwamba dirisha moja la zamani limehifadhiwa kwa kumbukumbu. Naserian akaitikia amina pamoja na wenzake.

Upepo wa Meru ukapita.

"Magdalena," mzee akaita kutoka benchi ya mbele, "lifunge hilo dirisha. Baridi."

Magdalena akatoka kwenye kwaya, akapita mlango mkubwa, akalifunga kwa nje. Hakurudi ndani. Alisimama bega kwa bega na mama yake, wakasikiliza kupitia ubao. Wimbo wa Bikira Maria ulipoanza, wakauimba. Naserian aliyajua maneno yote.